Mzee wa Vyombo na Spika ya Kilo Ishirini na Tatu

Kwanza mnyororo. Sauti niliyobaki nayo hadi leo ni ya mnyororo wa mizani ukiteremka kutoka kwenye boriti ya stoo ya kanisa, krrr, krrr, kama kuku anayekwaruza bati. Halafu ndoano inanasa mkono wa spika, ting. Halafu kimya, watu wazima saba wa Kamati ya Vyombo wameshika pumzi. Halafu vifundo vya vidole vyake kwenye ubao: ko, ko, ko. Mwisho linatoka neno moja tu.

"Imo."

Likishatoka hilo hakuna wa kubisha. Kilo zimo, na sisi sasa tunaweza kumwimbia Mungu.

Tulimwita Mzee wa Vyombo. Jina lake la ubatizo bila shaka liliandikwa mahali, lakini sijawahi kulitafuta. Kwenye kanisa letu pale Olasiti, vyombo si sufuria wala sahani. Ni gitaa, kinanda, ngoma, spika na nyaya zake, na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo. Aliuvaa shingoni kwa uzi wa katani, ndani ya shati, ukigusana na ngozi. Ukitaka waya wa gitaa siku ya katikati ya wiki, unamsubiri afungue vifungo viwili vya shati kwanza.

Kabla ya vyombo alipima kahawa. Huko juu, upande wa Meru, chama cha ushirika kilikuwa na ghala, na mlangoni mwa ghala alisimama yeye na mizani yake ya kuning'iniza. Alijua ujanja wote wa dunia: kahawa iliyolowanishwa ili iwe nzito, mchanga chini ya gunia, mawe katikati. "Jiwe nalijua kwa mwendo wake," alikuwa akisema. "Gunia la kahawa linayumba kama mama mjamzito. Lenye jiwe linayumba kama mlevi." Halafu likaja soko huria. Wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao, na mizani zao, na kofia zenye maandishi. Ghala likafungwa. Yeye akashuka mjini kwa binti yake, mizani begani. Mtu mmoja akathubutu kumwuliza, je, hiyo mizani si mali ya chama?

"Chama kimekufa," akajibu. "Mimi nimerithi."

Basi akaendelea kupima. Alipima mkate wa dukani, akapima Biblia mpya zilipoletwa, akasema zile za zamani zilikuwa na neno zaidi. Wakati huo mji mzima ulikuwa unauziwa maneno. Kila duka lilikuwa na redio ya wati elfu tano yenye waya mwembamba kama uzi wa kushonea, kila kitu kilikuwa "orijino", na kila orijino ilikuwa na kaka yake orijino zaidi kwenye duka la jirani. Yeye alipita katikati ya hayo yote na msemo mmoja: "Wati ni maneno. Kilo ndiyo kitu."

Mtacheka, lakini mimi nilipata gitaa kwa ajili ya mizani hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza la saba, najifunza kushona kwa fundi mmoja wa magauni, na kichwani mwangu nilikuwa tayari napiga gitaa jukwaani, viatu vinang'aa, watu wanalia. Nilijifundisha kwa kuangalia vidole vya wengine. Yule aliyekuwa akipiga gitaa la solo alipohamia Dar, nikanyanyua mkono. Mama Mwenyekiti wa kwaya, mama mzuri sana ambaye hapendi aibu, akasema msichana hataweza, gitaa ni zito. Mzee wa Vyombo aliinuka. Alifungua vifungo viwili, akaenda stoo, akaning'iniza gitaa.

"Kilo tatu na nusu," akatangaza. "Ndoo ya maji ni ishirini, na huyu binti nimemwona akiibeba kichwani huku anaimba. Tatizo liko wapi?"

Hapakuwa na tatizo. Nikapewa gitaa.

Alikuwa na mambo yake. Hakukubali mtu akae kushoto kwake, hata mchungaji. Tukasema ni majivuno. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Ulipomwamkia kwa nyuma hakuitika. Tukasema ni cheo. Kila tulipoimba alisimama kando ya spika, kiganja kimebandikwa juu ya boksi, macho amefumba. Wengine walisema anaiombea, wengine walisema anaogopa isiibiwe wimbo ukiwa katikati. Baada ya ibada ananiambia, "Ubeti wa pili mlipotea." Namwuliza amejuaje, anasema, "Niliona miguu ya kwaya ikigombana." Mimi nikaona huyo ndiye bingwa, mtu anayesikia muziki hadi kwenye miguu.

Na vitambaa je! Binti yake alikuwa mfumaji, na Mzee aliamini chombo kisichofunikwa ni sawa na mtu asiyesalimia. Kila spika ilikuwa na kitambaa chake cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni. Amplifaya ilipokuja ikapata chake pia, na kila nilipotaka kugusa kitufe ilinibidi nikifunue taratibu, kama bwana harusi.

Hiyo amplifaya ndiyo iliyotuletea kazi. Ilitoka kwa rafiki zetu wa kanisa moja la ng'ambo, ndani ya boksi lililojaa karatasi zilizokunjwakunjwa. Ilikuwa ya dijitali. Ukubwa wake kama mkate, na ndani yake, walisema, mmewekwa sauti mia za amplifaya nyingine, unageuza kitufe tu. Mzee akaitundika. Kilo mbili na nusu. Alisikitika kama aliyeletewa mtoto njiti.

"Mia moja wamo humu?" akauliza. "Wamekula nini?"

Ilikuja na barua, mchungaji akatusomea. Amplifaya hii, barua ilisema, inaigiza kila kitu yenyewe, kwa hiyo inataka spika mkweli: sauti iingie vile, itoke vile, isiongezwe chumvi. Spika za kuwaelekea washarika zitafaa hizo mlizo nazo. Ila itafuteni moja zaidi, ya kumwelekea mpigaji mwenyewe ili ajisikie. Monita, inaitwa. Na mkiikosa, kwenye boksi kuna hedfoni. Hedfoni Mzee alizifungia kabatini siku hiyohiyo. "Mtu akiziba masikio kanisani, anamsikiliza nani?" Kwenye sauti mia tuliruhusiwa tatu. Moja ilinguruma vizuri sana, kama lori linalopanda mlima, nikaipenda papo hapo. Mzee akaweka kiganja juu ya boksi, akakitoa haraka. "Hii imekunywa," akasema, na kitufe kikabandikwa plasta ya kidonda kisiweze kufika pale.

Kamati ilikutana mara nne juu ya spika mpya. Mara tatu walijadili rangi.

Mara ya nne tukatumwa mjini, Mzee, Mama Mwenyekiti, na mimi wa kubeba. Duka lilikuwa karibu na soko. Mwenye duka alikuwa kijana wa Kichaga, kila mtu akimwita Mangi, mchangamfu, kalamu sikioni.

"Shikamoo mzee! Karibu, mama karibu. Mzee, angalia hii, imeingia juzi kutoka Dubai. Wati elfu tano!"

"Marahaba. Kilo ngapi?"

Mangi alinitazama mimi. "Kilo? Mzee wangu, hii ni spika, si mbuzi."

"Mbuzi nikimpima hapigi kelele kama wewe. Hiyo boriti yako itabeba?"

Mnyororo ukateremka pale mlangoni, krrr, watu wa njiani wakasimama. Spika ya kwanza, kumi na mbili. Ya pili, kumi na tatu. Ya tatu, nyeusi, yenye mkwaruzo kwenye kona kama mguu wa kuku, kumi na nne.

"Maboksi ya mayai," akasema Mzee.

"Mzee, tuiwashe kwanza," nikasema kwa woga. "Tuisikilize."

"Sikio ukilisifia linalainika, binti. Mizani haina shemeji."

Mangi aliguna, akavua kalamu sikioni, akairudisha. "Mzee," akasema kwa heshima kubwa, "njoo Alhamisi. Kuna mzigo unatoka bandarini. Mzito. Mzito kwelikweli."

Alhamisi tukarudi. Spika ya bandarini ilikuwa nyeusi, yenye mkwaruzo kwenye kona kama mguu wa kuku. Mimi na ujinga wangu nikadhani mkwaruzo huo huwekwa kiwandani. Ikatundikwa. Ishirini na tatu. Haikuyumba hata kidogo, ilitulia kama askofu. Ko, ko, ko.

"Imo," akasema Mzee wa Vyombo.

"Imo, mzee," akaitikia Mangi. "Tena imo sana."

Kanisani ikawekwa mbele yangu, ikageuziwa washarika. Nikasema, jamani, barua ilisema inielekee mimi. Mzee alinitazama kwa huruma ya mtu mwenye adabu anayemwona asiye nayo.

"Mgeni akiingia kwako unampa kisogo? Wewe nani, hata spika ikutazame wewe iwageuzie mgongo wazee wa kanisa?"

Basi mimi nikapewa mgongo. Nilipiga gitaa nikisikia ngoma, nikisikia akina mama wa sauti ya kwanza, nikisikia mtoto analia kiti cha tano, kila kitu isipokuwa gitaa langu. Nikawa natangulia, kwaya inanikimbiza, tunakutana kwenye "Amina". Na waliokuwa mbele ya ile spika wakaanza kulalamika kwamba inakohoa. Ukipiga nyuzi za chini inafanya "hmp", kama mtu aliyekalia kifua cha mwenzake.

Mama Mwenyekiti aliniita pembeni. "Mwanangu, Jumatatu ya Pasaka tunakwenda Makumira kwenye mashindano, kwaya zote zipo. Ukipotea kama Jumapili iliyopita, gitaa atalishika kijana mmoja wa chuo. Nimeshaongea naye. Nakupenda, lakini aibu siipendi."

Nikasema ndiyo mama. Nyumbani nikalia ndani ya gauni la mteja, nikalipiga pasi tena.

Jumatano kabla ya Pasaka, mchana, Mzee alinipa ufunguo nikafagie stoo. Alikuwa na mkutano wa kamati, rangi ya vitambaa. Nilikuwa peke yangu na ile spika. Nikaikung'uta, nikaiinamisha, nikaisikiliza. Halafu nikaenda kuazima bisibisi kwa fundi baiskeli, nikatoa skrubu kumi na mbili za mgongoni, moja baada ya nyingine, nikizipanga kwenye kanga.

Ndani mlikuwa na bonge la saruji. Mraba, ukubwa wa mkate wa robo tatu, limegandishwa na gundi kwenye sakafu ya boksi lisiweze kuyumba. Juu yake palikuwa na alama za vidole vinne vya aliyelilainisha likiwa bichi. Alikuwa amejitahidi.

Nilicheka kwanza, kusema kweli. Nikaona kamati nzima inacheka, Mama Mwenyekiti anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Halafu nikamwona yeye amesimama katikati yao na mizani yake. Mtu aliyekamata mawe ya wilaya nzima, kauziwa jiwe. Wangemvua ule ufunguo siku hiyohiyo. Mara ya kwanza walimstaafisha kwa mizani ya watu wengine. Sasa wangemstaafisha kwa mizani yake mwenyewe. Lakini nikiliacha bonge humo, gitaa linakwenda kwa kijana wa chuo, ambaye, nasikia, hata anapiga vizuri.

Nikalibandua kwa mpini wa jembe. Nikafunga skrubu zote kumi na mbili. Nikachomeka amplifaya, nikaigeuza spika inielekee, nikapiga uzi wa chini, mmoja tu.

Jamani. Uzi ule ulitoka mzima. Ulitembea hadi ukutani ukarudi kunisalimia. Nilipiga kibwagizo chote nikijisikia kwa mara ya kwanza tangu nishike gitaa, na makosa yangu niliyasikia pia, yalikuwa matatu, nikayarekebisha palepale. Kisha nikairudisha kuelekea viti, nikafunika kitambaa.

Bonge nililifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, nikatoka. Njiani nikakutana na jirani.

"Ee! Nani huyo tena? Wa nani?"

"Wa dada, mama."

"Amelala?"

"Fofofo."

"Mzito huyo, unavyoinama! Wanamlisha nini?"

Nikakaza mwendo. Na hapo njiani ndipo nilipokumbuka, nikasimama kabisa: Mzee hupima vyombo vyote kabla ya safari.

Jumatatu asubuhi tulikusanyika stoo, sare zimepigwa pasi, pikapu inanguruma nje. Mnyororo ukateremka. Kinanda, imo. Ngoma, imo. Ile spika ikatundikwa, na ilipoachwa ikayumba polepole, kwenda na kurudi. Mimi nilisimama karibu; waliobaki waliona mgongo wa koti la Mzee tu. Mshale ulikimbia, ukasimama kwenye kumi na nne.

Alibisha, ko, ko, ko, na mlio ulikuwa mwingine, wazi, kama wa mtungi. Akaweka kiganja juu ya boksi akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akageuka akanitazama mimi, mikono yangu, kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na saruji.

"Ishirini na tatu," akatangaza, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe. "Imo."

Kule Makumira hakutaka vijana waiguse ile spika. Aliishusha mwenyewe kwenye pikapu kwa mkono mmoja, akavuka nayo uwanja. Watu walimshangaa. "Kilo ishirini na tatu," wakanong'onezana, "mzee ana nguvu za Samsoni." Akaiweka miguuni pangu, akaigeuza. Uso kwangu, mgongo kwa maaskofu, wachungaji na wageni wote.

"Mzee!" Mama Mwenyekiti akashtuka. "Umeigeuza!"

"Imeniomba," akasema.

Hatukuwa wa kwanza. Kuna kwaya ya akina mama wa mlimani walituacha mbali. Lakini hatukupotea, hata ubeti wa pili, na miguu ya kwaya haikugombana. Kijana wa chuo alikuja kunipa mkono. Gitaa lilibaki kwangu miaka saba, mpaka nilipofungua kibanda changu cha kushona, Jumapili zikawa chache, nikamfundisha binti mwingine.

Kuhusu ile spika hatukuwahi kuzungumza. Aliendelea kuipima kila safari, na kila safari ilikuwa ishirini na tatu.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Anaishi kwa mwanawe sasa, upande wa Momela, mahali ambapo jirani wanalalamika kuhusu nyati kama sisi tunavyolalamika kuhusu mbuzi. Alikuwa kwenye benchi nje, amepungua sana. Ningemtundika, sidhani angefika hamsini. Nikasimama mbele yake anione midomo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akasogea kwenye benchi ili nikae kulia kwake. Hakuuliza habari za nyumbani, wala safari. "Lile tofali uliliweka wapi?"

Nilitaka kujifanya sielewi. Nikashindwa.

"Nyumbani. Linazuia mlango wa jiko."

Alicheka mpaka mkwewe akachungulia. Kisha akagusa sikio la kushoto kama mtu anayegusa mfuko uliotoboka. "Hili lilibaki kwenye mashine ya kukoboa kahawa, kule ghalani. La kulia likalifuata polepole. Ningewaambia mngenipa nini? Kiti cha nyuma. Mzee wa vyombo asiyesikia vyombo!" Akatikisa kichwa. "Basi nikapima. Kilo sihitaji kuzisikia."

"Na Mangi, mzee? Hukumwendea?"

"Nimshitaki kwa lipi? Niliomba uzito, akanipa uzito." Akafungua kiganja chake, akakitazama. "Ile Jumatatu nilipoweka mkono, ndiyo mara ya kwanza spika ile ilinisalimia. Miezi yote ilikuwa bubu kama mimi."

Nikavuta pumzi. "Mbona ulisema ishirini na tatu?"

"Kumi na nne za spika," akasema. "Tisa ulikuwa umezibeba wewe."

Nilichojibu hakukisikia. Nilikuwa nimeinamisha uso. Tukanywa chai. Baadaye akauliza kama huyo binti mwingine anajisikia anapopiga. Nikamwambia kwa midomo na mikono: spika imelala chini, sauti inampita magotini. Akainua kiganja, akakilaza mshazari, kama uso wa spika unaotazama juu, akakishikilia hivyo mpaka nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata nilifungua stoo peke yangu. Ufunguo unakaa na Mama Mwenyekiti siku hizi, msumarini. Nilikuwa na mzigo mgongoni ndani ya kanga. Nikaitoa spika, nikaiweka mahali pake, uso kuelekea kigoda cha mpigaji. Nikakunja kitambaa. Nikalisukuma bonge chini ya ukingo wa mbele, vile vidole vinne vikiwa juu, hadi boksi likainua uso. Nikaenda kukaa kwenye kigoda, nione kama linanitazama. Lilinitazama. Nikanyanyuka, nikaligonga boksi mara tatu, nikalifungia mlango.